Jinsi ya Kufuatilia Maji ya Zamani kwenye Ramani za Ranchi: Mfano wa Sandhills, Nebraska

Swali ni lilelile, linabadilisha nguo tu. "Nina ramani tatu za eneo moja la ranchi huko Nebraska. Ya kwanza ina ziwa, ya pili haina, ya tatu ina mfereji ulionyooka kama rula. Ipi inasema kweli?" Nimelijibu kwa ujumbe wa simu mara nyingi mno. Leo naliandika pamoja na hatua zote, atakayeuliza tena nimtumie hili.

Kama ulisoma jiografia sekondari ukakalishwa na ile karatasi ya 1:50,000 kwenye mtihani, ukihesabu kontua huku saa inakimbia, basi msingi unao. Kilichobaki ni kuzoea futi, maili na tabia za wapima ardhi wa Marekani.

Nimeichagua Sandhills kwa sababu maji yake ni mkaidi. Ni takriban kilomita za mraba 50,000 za matuta ya mchanga yaliyoshikwa na nyasi, mengine yana kimo cha futi 400. Ng'ombe ni wengi kuliko watu. Mvua ikinyesha, mchanga unainywa papo hapo. Maji yanashuka chini, kisha yanaibuka mabondeni kama ziwa, kinamasi au chemchemi. Ziwa linaweza kujaa na kukauka bila mto wowote kuingia wala kutoka. Ndiyo maana ramani tatu zinaweza kutofautiana na zote zikawa za kweli, kila moja kwa siku yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye nafasi ya kutosha. Ramani zilizoskaniwa ni nzito. Tenga angalau GB 5.
- QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa.
- Ramani za kale za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani. Ziko bure kwenye ukurasa wao uitwao topoView, zaidi ya 178,000, kuanzia 1884 hadi 2006. Huhitaji kumwomba mtu ruhusa.
- Michoro na madaftari ya General Land Office, kwa kifupi GLO, ofisi iliyokata ardhi ya umma vipande vipande kabla ya walowezi kugawiwa. Leo kumbukumbu hizo ziko kwa BLM, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma, na nyingi unazisoma mtandaoni. Za Nebraska unaweza pia kuziulizia ofisi ya mpimaji wa jimbo, mjini Lincoln.
- Picha za anga za zamani. Kwa maeneo mengi zinaanzia miaka ya 1930. Tafuta kwenye EarthExplorer ya USGS.
- Daftari la karatasi na kalamu. Usicheke, utaona hatua ya 3.

Jambo moja la nadharia, halafu tuanze. Ardhi ya huko imekatwa kwa miraba. Mraba mkubwa ni taunishipu, maili 6 kwa 6. Ndani yake kuna sekshini 36, kila moja maili 1 kwa 1, yaani ekari 640. Sekshini namba 1 iko pembe ya kaskazini-mashariki. Hesabu inakwenda magharibi hadi 6, inashuka, inarudi mashariki, hivyo hivyo kama mtu anayelima kwa plau ya ng'ombe, hadi 36 pembe ya kusini-mashariki. Anwani kama T. 30 N., R. 30 W. maana yake ni taunishipu ya 30 kwenda kaskazini kutoka latitudo 40, na safu ya 30 kwenda magharibi kutoka meridiani kuu ya sita. Hiyo inakutua kaunti ya Cherry, kubwa kuliko zote Nebraska.

Hatua kwa hatua

1. Chagua taunishipu moja tu. Si kaunti wala bonde zima la mto Niobrara. Moja. Wanaoanza na eneo kubwa huishia na folda la ramani 60 na hakuna hata mstari mmoja waliouchora. Ukimaliza ya kwanza, ya pili itakuchukua robo ya muda.

2. Pakua kila ramani inayoigusa taunishipu hiyo, za skeli zote. Utakutana na familia nne. Za kale ni za nyuzi nusu, skeli 1:125,000. Zikafuata za dakika 15, 1:62,500. Kisha za dakika 7.5, 1:24,000, ambazo ndizo nzuri kuliko zote. Pembeni kuna za 1:250,000 zilizotengenezwa na jeshi katikati ya karne ya 20. Watu huzidharau hizo za jeshi kwa sababu ya skeli, ila kwa ranchi za mbali huenda ndizo kontua za kwanza utakazozipata. Chukua faili za GeoTIFF. JPG ni picha tu, haijui iko wapi duniani.

Usishangae kukuta pengo. Wapimaji walianza kwenye reli, miji na mashamba ya umwagiliaji. Matuta ya mchanga yalisubiri.

3. Soma pembezoni kabla ya kutazama katikati. Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea, na mimi nilipotea wiki mbili nzima.

Karatasi moja inaweza kuwa na miaka mitatu au minne. Tuseme imepimwa 1894, ikatolewa 1897, ikachapwa tena 1912. Orodha ya mtandaoni inaweza kukuonyesha mmoja tu kati ya hiyo. Ukiandika "ziwa lilikuwepo 1912" umekosea kwa miaka 18, kwa sababu kuchapa tena ni kuchapa tena. Hakuna aliyerudi kutazama ziwa. Mimi nilijenga hoja nzuri sana kuhusu kijito kilichokauka, nikaiandika kurasa nne, kumbe ramani zangu mbili zilikuwa upimaji uleule, tofauti ni mwaka wa kiwandani tu.

Kwa hiyo, kwenye daftari, kila ramani ipate mistari hii: mwaka wa kupimwa uwandani, mwaka wa picha za anga kama zilitumika, mwaka wa toleo, mwaka wa kuchapwa, nafasi kati ya kontua, na datumi, yaani msingi ambao latitudo na longitudo za ramani zimepimwa kutoka kwake. Mwaka unaoutumia kwenye hoja zako ni ule wa kupimwa au wa picha. Basi.

Angalia pia rangi ya zambarau. Kwenye karatasi za 1:24,000 zilizosahihishwa, kila kilichochapwa kwa zambarau kiliongezwa kutoka picha za anga bila mtu kwenda kukihakiki. Lambo la zambarau katikati ya bluu limezaliwa baada ya ramani ya kwanza. Ni zawadi hiyo, ichukue.

Jiulize vilevile ramani ilichorwaje. USGS iliundwa 1879, na kazi ya kuipima nchi nzima kwa kontua ilishika kasi chini ya John Wesley Powell miaka ya 1880. Mpimaji alisimama juu ya kilima na meza yake ya miguu mitatu, akalenga vilele kwa darubini, akachora vilivyobaki kwa jicho. Ndiyo sababu matuta ya ramani za 1890 na kitu yanafanana yote kama mawimbi ya kanga. Ni taswira ya matuta tu. Usipime ujazo wa bonde kwa hizo. Picha za anga zilipoanza kutumika kuchora kontua, kuanzia miaka ya 1930 na 1940, hapo ndipo tuta likapata sura yake lenyewe.

4. Zifungue QGIS na uzikague zimekaa wapi. GeoTIFF za USGS zimeshafungwa kwenye latitudo na longitudo, zitajitandika zenyewe. Weka picha ya satelaiti chini, ramani ya kale juu, punguza uzito wa rangi hadi uone zote mbili. Tafuta vitu visivyohama: makutano ya reli, pembe za sekshini zenye fensi, makutano ya mito mikubwa.

Ramani nyingi za karne ya 20 zinatumia datumi ya 1927. Chimbuko lake ni bikoni moja iliyowekwa 1891 kwenye malisho ya ng'ombe, mahali panapoitwa Meades Ranch, kaunti ya Osborne, Kansas. Ndiyo, upimaji wa bara zima ulifungwa kwenye kigingi cha ranchi. Datumi ya 1983 iliachana nayo, na hapo hapo Meades Ranch longitudo ilisogea takriban mita 30. Programu ikichanganya datumi hizo mbili, kijito chako kitahama umbali wa karibu na huo.

Ziko pia ramani za kale zaidi. Luteni Gouverneur K. Warren alikatiza Sandhills mwaka 1855 akitoka Fort Pierre kwenda Fort Kearny, na ramani yake ya magharibi ni kazi ya kuheshimiwa. Isome kwa kuelewa. Usijaribu kuibandika juu ya satelaiti, utalia bure.

5. Nenda kwenye daftari la GLO, siyo mchoro peke yake. Hatua hii wengi huiruka kwa sababu mwandiko ni wa mkono na lugha ni kavu. Mimi naipenda kuliko zote.

Mpimaji wa GLO alitembea kwenye mstari wa sekshini akiburuta mnyororo wa futi 66, wenye linki 100. Minyororo 80 ni maili moja. Kila alipokatiza maji aliandika: umbali kutoka pembe, upana wa kijito kwa linki, na kinaelekea wapi. Ukikuta kijito cha linki 12, hicho ni cha mita 2.4 hivi, mtu anaruka. Linki 150 ni mita 30, huo ni mto. Zidisha linki kwa sentimita 20 na umemaliza.

Pale palipo miti, pembe ziliwekewa alama kwa kutaja miti ya jirani. Kwenye mbuga tupu hapakuwa na mti wala jiwe, kwa hiyo walirundika udongo, wakachimba mashimo kando, wakafukia mkaa au kigingi kilichochomwa moto, maana mkaa hauozi.

Sasa onyo, nalo ni kubwa: maji ni ya kuaminika pale tu mstari wa sekshini ulipoyakata. Ndani ya sekshini hakuna aliyetembea. Mchoraji aliunganisha nukta mbili kwa mkunjo unaopendeza macho. Zaidi ya hayo, hadi 1910 wapimaji wengi walikuwa watu wa mkataba waliolipwa kwa maili, na anayelipwa kwa maili ana sababu ya kutembea haraka. Kwa hiyo kwenye QGIS weka nukta pale mstari unapokata maji, ipe tarehe ya daftari, na uache nafasi kati ya nukta iwe tupu. Ukiijaza utakuwa unachora mawazo ya karani aliyekuwa ofisini.

Tarehe ya daftari ina siku na mwezi, siyo mwaka tu. Kijito kilichoandikwa kikavu mwezi wa Septemba hakijafa. Kinasubiri.

6. Chora maji, tabaka moja kwa kila upimaji. Usichanganye miaka kwenye tabaka moja hata kama mistari inalingana. Kila mstari upewe sehemu tatu za maelezo: mwaka, aina, na uhakika wako kwa namba 1 hadi 3.

Ishara za kuzingatia:

- Bluu isiyokatika ni mto wa mwaka mzima. Bluu ya vistari na nukta ni kijito cha msimu. Hilo la pili ni hukumu ya mpimaji mmoja kwa alichokiona au alichoambiwa na mwenye ranchi. Kijito kinaweza kugeuka kutoka cha msimu kuwa cha kudumu kwa sababu tu mpimaji alibadilika.
- Kontua zinapokata mto hufanya umbo la V, na ncha ya V inatazama mto unakotoka. Ukisahau hili utageuza bonde zima.
- Kontua zenye vijimeno kwa ndani ni shimo. Sandhills imejaa mashimo ya hivyo kati ya matuta, na hayana njia ya maji kutoka. Usiyaunganishe na mto ulio jirani kwa sababu tu "lazima maji yaende mahali". Yanaenda chini.
- Vishungi vya bluu kama majani ni kinamasi.

Kumbuka unene wa wino. Kwenye 1:125,000, mstari wa nusu milimita unafunika mita 62 ardhini. Kwenye 1:24,000 unafunika mita 12. Mto ukionekana "umehama" mita 40 kati ya ramani hizo mbili, hujagundua kitu.

7. Tafuta maji ambayo si mto. Ranchi haiishi kwa mto peke yake. Kwenye karatasi za 1:24,000 utaona neno Windmill limetapakaa. Kila moja ni kinu cha upepo kinachovuta maji ya chini kujaza birika la ng'ombe. Vihesabu. Kwa maoni yangu ramani ya vinu inaeleza maisha ya ranchi kuliko ramani ya mito, kwa sababu ng'ombe hawezi kulisha mbali sana na pa kunywea, na mwenye ranchi hugawa malisho yake kwa hesabu hiyo.

Kisha mifereji. Mabonde mengi yalichimbiwa mitaro mwanzoni mwa karne ya 20 ili kinamasi kikauke na nyasi za hei zivunwe. Hapo ndipo lile ziwa la msomaji wangu linapokuwa limekwenda. Mstari wa bluu ulionyooka, unaotoka kwenye bonde lililokuwa na ziwa, ni ushahidi wa sepeto.

Walowezi nao wanasaidia kukisia tarehe. Sheria ya Kinkaid ya 1904 iliruhusu familia kudai ekari 640 magharibi mwa Nebraska, badala ya 160 za sheria ya 1862. Alama nyeusi za nyumba kwenye ramani zikaongezeka, kisha zikapungua, maana hata ekari 640 za mchanga hazikuwatosha wengi. Ukiona shule na nyumba nyingi bondeni kwenye ramani moja na ukimya kwenye inayofuata, hukukosea.

Upande wa magharibi, kaunti ya Sheridan, maziwa mengine ni ya magadi. Wakati wa vita kuu ya kwanza potashi ya Ujerumani ilipokatika, maji ya maziwa hayo yalivutwa kwa mabomba hadi viwandani, huko Antioch. Vita vikaisha, potashi ya Ujerumani ikarudi sokoni, viwanda vikafungwa. Ukisoma maziwa ya huko, usisahau kwamba kuna miaka watu waliyanyonya.

Ukihamia udongo mgumu wa magharibi mwa Dakota Kusini, badala ya vinu utakuta malambo. Lambo la kuchimbwa hujulikana kwa upande mmoja ulionyooka, ule wa chini mto unakokwenda. Ziwa la asili halina ukuta.

8. Thibitisha kwa picha za anga. Tafuta mwezi wa picha. Halafu kumbuka ukame wa miaka ya 1930 na ule wa katikati ya miaka ya 1950. Ramani iliyochorwa kutoka picha za mwaka wa ukame itaonyesha maziwa madogo, na ramani hiyo hiyo itachapwa tena miaka 20 baadaye ikiwa na maziwa yaleyale madogo wakati bondeni watu wanavua samaki.

9. Ukitaka kwenda mwenyewe, omba ruhusa kwanza. Karibu ardhi yote ya huko ina mwenyewe. Bluu kwenye ramani haikupi haki ya kuingia. Piga simu, eleza unachotafuta. Wenye ranchi wengi wanajua bonde lao kuliko ramani yoyote na watakurekebisha. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Gari la kawaida litazama kwenye mchanga. Nyoka wa njuga wapo.

Ukikwama

*Ramani yote imehama mita 30 hadi 40 mashariki au magharibi.* Datumi. Mwambie QGIS kwamba faili ni ya 1927, kisha uache programu igeuze yenyewe. Usiisukume kwa mkono.

*Imehama kama mita 200 kaskazini au kusini.* Namba za gridi ya UTM, ile inayohesabu mahali kwa mita, za datumi ya 1927 zimesomwa kama za 1983. Dawa ni ileile.

*Mto unapanda kilima.* Angalia kwanza kama bluu yote ya karatasi imesogea upande mmoja. Kila rangi ilichapwa kwa bamba lake, na bamba likiteleza kidogo mito yote inatoka mabondeni kwa pamoja. Sogeza tabaka lako la maji kwa kiasi hicho. Kama ni mto mmoja tu, basi kontua zilichorwa kwa jicho, amini mto.

*Kijito kinakatika ukingoni mwa karatasi.* Karatasi ya jirani ilipimwa mwaka mwingine na mtu mwingine. Usiunganishe. Andika miaka yote miwili.

*Hakuna ramani ya kontua kabla ya miaka ya 1940.* Tumia nukta za GLO, kisha ruka hadi picha za anga. Pengo la kati liache lionekane kwenye ramani yako.

*Jina la kijito limebadilika.* Tafuta kwenye GNIS, orodha ya majina ya serikali. Huwa inaweka majina mbadala. Lakini angalia isiwe ni vijito viwili. Majina kama Dry Creek na Spring Creek yanajirudia kaunti baada ya kaunti. Linganisha sekshini, siyo jina.

*Ziwa lipo kwenye GLO, halipo 1:62,500, limerudi 1:24,000.* Rudi hatua ya 3 na ya 8, andika mwezi wa kila upimaji. Ukinitumia swali hili bila miezi hiyo, nitakujibu kwa kuuliza miezi.